Permis ya Kongo kwa mgeni Lubumbashi: kisanduku kimoja kimeharibu kazi yote

Kama wewe ni mgeni na unataka permis ya Kongo, yaani leseni ya udereva, hapa Lubumbashi, kabla ya kuuliza bei fungua pasipoti yako, ukurasa wenye picha, uangalie jina lako la ukoo limeandikwa wapi. Mimi ni Mtanzania, naishi hapa kwa kazi, permis ninayo mkononi na hasira bado ninayo. Kadi yenyewe ni safi, picha imetoka vizuri, alama za vidole zimechukuliwa. Ila jina lililoandikwa juu yake si la mtu aliye kwenye pasipoti yangu.

Mkongomani huandikwa nom (jina la ukoo), kisha postnom (jina la asili linalofuata la ukoo), kisha prénom (jina la kwanza). Hata Rais: Tshisekedi, Tshilombo, Félix. Mpangilio huu ulishika mizizi mwaka 1972, Mobutu alipoyakataza majina ya Kikristo na watu wakachukua majina ya kwao. Ni utaratibu wao na nauheshimu. Ninacholalamikia ni fomu inayomlazimisha Mtanzania, Mkenya au Mzambia ajaze kisanduku cha postnom wakati nchi yake haina kitu hicho, na karani anayejaza kwa kubahatisha huku pasipoti iko wazi mbele yake.

Jina langu sitaliweka hapa, tuchukue mfano. Pasipoti inasema jina la ukoo ni Komba, majina mengine ni Asha Rajabu. Chini kabisa ya ukurasa ule kuna mistari miwili, kila mmoja una nafasi 44. Wa juu utasomeka P<TZAKOMBA<<ASHA<RAJABU, halafu vialama vya < vinajaza mpaka mwisho. Kilicho kati ya TZA, yaani Tanzania, na vialama viwili vilivyobanana ni jina la ukoo. Kinachofuata ni majina mengine. Hakuna la kubishania hapo. Kwenye fomu ya Kongo, Komba anakwenda kwenye nom, Asha Rajabu wote wawili wanakwenda kwenye prénom, na postnom inabaki tupu au inapigwa kistari.

Karani aliuliza jina kwa mdomo. Sisi Watanzania tunaanza na jina la mtu, tunamalizia la ukoo. Wao wanaanza na nom. Akaandika alivyosikia: nom Asha, postnom Rajabu, prénom Komba. Nilipomwonyesha pasipoti, jibu lilikuwa hili: "Papa, mashini inakatala kama postnom haiko. Bantu bote beko na postnom, weye tu njo hauna?" Nikamwomba kwa heshima ageuze skrini tuangalie pamoja. Akasonya, akaita jina la mtu aliyekuwa nyuma yangu. Kusonya kule ndiko kulikonifanya niandike haya. Foleni naivumilia, umeme ukikatika naelewa, mtandao ukilala naelewa pia. Lakini mtu anayeshika kitambulisho changu na hataki kukisoma, huyo simwelewi.

Na madhara yake si ya kupuuza. Ukigonga, anayekagua madai ya bima anaweza kulinganisha permis na pasipoti. Polisi wa roulage, yaani trafiki, akikusimamisha anataka permis, carte rose (kadi ya usajili wa gari), bima na kontrole tekiniki (cheti cha ukaguzi wa gari), na kwa mgeni anaongeza pasipoti yenye viza. Akiona nom ya permis ndiyo prénom ya pasipoti, hapo mazungumzo yanageuka kuwa ya pesa. Kosa linaanzia mapema kuliko watu wanavyodhani, tangu kwenye note de perception, ile karatasi unayopewa ukalipe benki. Jina lililo pale ndilo litakalokuwa kwenye risiti, na jina la risiti ndilo karani wa mwisho atakalolinakili. Kwa hiyo soma karatasi ile kabla hujaondoka dirishani. Ukishalipa, kila mtu atakuambia "jina ni la benki".

Kuna jambo la pili ambalo hasa Watanzania mnapaswa kulijua. Leseni yetu ya gari dogo la binafsi ni daraja D. Katika Mkataba wa Vienna wa 1968 wa mambo ya barabarani, ambao Kongo ilijiunga nao 1977, gari dogo ni B: lisizidi kilo 3,500, na viti visizidi vinane ukiacha cha dereva. D kwenye mkataba ule ni gari la abiria lenye viti zaidi ya vinane, yaani basi. Karani akinakili herufi tu, umekuwa dereva wa basi, na gari yako ndogo huna ruhusa nayo. Mfasiri mzuri anaandika kwa Kifaransa maana ya daraja, haachi herufi peke yake. Wakenya na Wazambia hawana shida hii, gari dogo kwao ni B.

Kuhusu tafsiri, nitasema ukweli: niliridhika. Leseni iliyoandikwa kwa Kiingereza lazima ipite kwa mfasiri anayetambuliwa, yenye muhuri na sahihi, na niliyempata aliuliza mwenyewe kuhusu daraja kabla ya kuandika. Cheti cha daktari nacho hakikusumbua. Wanapima macho, wanaandika grupu ya damu. Peleka kopi za pasipoti, ukurasa wa picha na ukurasa wa visa d'établissement, yaani viza ya ukaazi, maana viza fupi ya safari haikubaliki pale nilipokwenda. Dola ziwe mpya. Noti iliyochanika hata kidogo pembeni inarudishwa, hapa mjini kila mtu anajua. Vidole vikiwa vikavu au vimechubuka kwa kazi ya gereji, paka mafuta usiku uliotangulia, kisha vifute vizuri kabla ya kugusa mashine.

Usidanganywe na wanaosema leseni ya kimataifa inatosha. Ile inakwenda pamoja na leseni ya kwenu, haizidi miaka mitatu, na inakufa siku leseni ya kwenu inapokwisha. Mkataba wenyewe unairuhusu nchi kuikataa leseni ya mtu aliyehamia kuishi. Mgeni mwenye kazi na nyumba hapa Lubumbashi amehamia, hata kama moyo wake uko Mbeya.

Jaribio la barabarani nalisifu bila kusita. Sisi tunaotoka upande wa kushoto tunahitaji kupimwa. Ukivuka Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, unahamia kulia, na kinachoua si kunyooka barabarani, ni kukata kona. Kukata kushoto sasa ndiko kunakovuka magari yanayokuja, na mkono wa dereva aliyezoea kwao unamvuta kwenye njia isiyo yake. Tena kuna kipaumbele cha kulia: kwenye makutano yasiyo na alama, anayetokea kulia kwako anapita kwanza, hata kama barabara yako ni pana na yake ni ya vumbi. Magari mengi hapa yana usukani wa kulia kwa kuwa yanapitia Dar, kwa hiyo ukitaka kulipita lori la madini njia ya Likasi huoni kitu mpaka pua ya gari imeshatoka. Aliyenipima alinisimamisha kwenye kona akanieleza haya yote kwa utulivu, kama mwalimu. Mzee yule angekaa dirishani, ningewapa alama zote.

Nilitaka kuwapa nusu, kwa ajili yake. Kisha nikarudi kuomba jina lisahihishwe nikaambiwa nilipie duplicata, yaani kadi ya pili, kana kwamba kadi nimeipoteza mimi. Kosa lao, pesa yangu, na vidole vichukuliwe upya kwa sababu jina limeshafungwa pamoja navyo kwenye mashine. Nje ya geti makomisionere, yaani madalali, walishajua habari hiyo na walikuwa na bei yao tayari. Hapana. Nusu naifuta.

Ndugu zangu mtakaokwenda, andikeni jina kwenye karatasi kwa herufi kubwa, NOM na PRÉNOM, mbele ya POSTNOM pigeni kistari, na mbandike kopi ya pasipoti nyuma yake. Mpe karani karatasi hiyo kabla hajauliza chochote. Akisema mashini inakatala, mwombe shefu wake: mwenzangu Mzambia alipomwita shefu, kistari kilipita bila shida yoyote, kwenye kompyuta ileile. Kidole chako kiwe cha mwisho, baada ya kusoma skrini kwa macho yako, herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa na daraja.