Leva mpya, kranki ya zamani: miezi minane na Claris kwenye fremu ya chuma

Jumapili moja tumesimama Bunju, Dar es Salaam, tunakunywa madafu, jamaa mmoja akaizunguka baiskeli yangu mara mbili, kisha akauliza, "Kaka, hii ni mpya au ya zamani?" Jibu fupi sikuwa nalo. Fremu ni ya chuma, ya Kijapani, ya miaka ya 1980, iliingia na kontena la mitumba na stika zake zimebanduka zote isipokuwa herufi mbili. Kranki, yaani mikono ya pedali, ni ileile iliyokuja nayo, sproketi za mbele zina meno 52 na 42. Ila mkono wa kulia nashika leva ya Shimano Claris ya gia nane, inayobeba breki na gia pamoja, na nyuma kuna kaseti, yaani rundo la sproketi za nyuma, ndogo meno 11 na kubwa 32. Leva ya kushoto inafanana na ya kulia, lakini kazi yake ni breki tu. Gia za mbele nazibadilisha kwa kile kileva kidogo kilichokaa kwenye bomba la chini la fremu, naachia usukani na kuinama kidogo. Wenzangu wanacheka. Wacha wacheke, mlima wa kwenda Kisarawe naumaliza bila kushuka kwenye baiskeli.

Kisarawe ndiyo iliyoanzisha yote haya. Baiskeli ilipokuja ilikuwa na friwili (rundo la sproketi la mtindo wa zamani) ya gia sita, meno 13 hadi 24. Ukiweka 42 mbele na 24 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza kama mita 3.7. Kwenye Barabara ya Bagamoyo, tambarare na upepo ukiwa mgongoni, hiyo ni raha. Ukishapita Gongo la Mboto ukaanza kupanda Pugu na lori la mchanga nyuma yako, magoti yanalia. Kwa 42 na 32 mzunguko uleule unakusogeza kama mita 2.75. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kupanda umekaa na kupanda unasukuma.

Fundi wangu yuko Magomeni, mzee mwenye banda la mabati na misumari iliyojaa rimu. Nilipomwambia nataka gia za kubofya, mbofyo mmoja gia moja, alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, hizo leva zako za zamani hazihesabu. Kitu kisichohesabu hakikosei hesabu. Funga friwili yoyote, deraila yoyote, mkono wako utatafuta wenyewe." Na ni kweli. Leva ya zamani inashikilia waya wa deraila (ule mkono unaohamisha cheni) kwa msuguano tu, wewe unaivuta hadi cheni itulie. Kama unataka kuchanganya vipuri kwa bei ndogo bila kuumiza kichwa, ushauri wa mzee ndio bora, na ningeishia hapo kama si ukaidi wangu.

Hesabu ilihamia kwenye leva mwaka 1984, Shimano walipoleta SIS, mfumo wao wa gia za kubofya, kwenye Dura-Ace, vipuri vyao vya daraja la juu. Tangu hapo vitu vitatu lazima vikubaliane: leva inavuta waya kiasi gani kwa kila mbofyo, deraila inausogeza mkono wake kiasi gani kwa waya huo, na sproketi za kaseti zimeachana kiasi gani. Kwenye gia nane, kutoka sproketi moja hadi ya pili ni milimita 4.8. Kwenye tisa ni kama 4.35, kwenye kumi 3.95. Ndiyo maana leva ya gia nane haitaki kaseti ya gia kumi hata ukiibembeleza. Deraila ndiyo yenye unafuu: kwa baiskeli za barabarani za Shimano, za gia nane, tisa na kumi zinasogea kwa uwiano uleule, ukiacha mifululizo miwili, Dura-Ace 7400 na Tiagra 4700. Mwenzangu ana deraila ya Shimano 105 ya gia kumi, ameifunga na leva za gia nane na kaseti ya nane, na inabofya kama saa.

Deraila yangu ya kwanza ilikuwa ya kabla ya SIS. Nilijaribu kuibakiza kwa sababu inang'aa na ni nzuri kuitazama. Haikukubali. Kigurudumu chake cha juu hakina ule mchezo mdogo wa pembeni unaoiruhusu cheni kujipanga yenyewe, na sproketi ya meno 32 haiifikii kabisa. Nikaiondoa, nikaweka Claris ya mkono mrefu. Leva na deraila shemeji aliniletea kutoka Uingereza ndani ya sanduku la nguo, maana madukani Kariakoo nilikuwa naoneshwa za baiskeli za milimani tu.

Gurudumu la nyuma lilikuwa hadithi nyingine. Fremu ya gia sita ina nafasi ya milimita 126 kati ya ncha mbili inapokaa ekseli, na habu (kitovu cha gurudumu) ya kaseti inataka 130. Chuma kinapanuka, kwa hiyo mzee aliipanua milimita mbili kila upande, taratibu, kwa ubao mrefu wa mninga. Kisha akafunga uzi kutoka ncha moja ya nyuma, akauzungusha mbele kwenye shingo ya fremu na kuurudisha ncha ya pili, akapima umbali wa uzi hadi bomba la kiti, kulia na kushoto. Pakawa sawa. Alumini na kaboni usifanyie hivyo hata siku moja, zitapasuka. Na ukishapanua, lilinyooshe sikio linaloshika deraila, kwa sababu nalo limegeuka kidogo. (Magurudumu yenyewe nimebadilisha kutoka inchi 27 kwenda 700C, ambazo ni ndogo kidogo, kwa hiyo raba za breki zilishuka milimita 4. Kwangu breki zilikuwa na nafasi. Pima kabla hujanunua.)

Halafu zikaja wiki tatu za mateso. Kila kitu kimefungwa, kimenyooshwa, kimepakwa grisi. Bandani gia zinaingia moja moja kama inavyotakiwa. Nikifika Mwenge, ya tatu inasitasita, ya tano inakwangua. Nikiikaza skrubu ya waya, cheni inapanda sproketi kubwa vizuri na kushuka inagoma. Nikiilegeza, kinyume chake. Nilimlaumu mzee na ubao wake. Nililaumu sikio, nikalaumu kaseti, ambayo ni ya bei rahisi isiyo na jina kubwa. Hata Wajapani wa 1980 sikuwaacha.

Kosa lilikuwa kwenye kava la waya, ule mrija waya unamopita. Dukani niliomba kava la gia, nikapewa la breki, na mimi nikapokea kwa sababu rangi zinafanana. Ukilikata utaona tofauti: la breki ndani ni chuma kilichozungushwa kama springi, la gia ni nyuzi nyingi za chuma zilizonyooka kwa urefu. La breki likivutwa au likikunjwa linajibana kidogo, na huko kujibana kunaila hesabu ya leva. Kwa leva ya msuguano usingejua kamwe, mkono wako unafidia. Leva ya kubofya haifidii kitu. Nilinunua mita mbili za kava sahihi, na jioni hiyohiyo mambo yakatulia. Kinyume chake ni hatari zaidi: kava la gia ukilifunga kwenye breki linaweza kupasuka ukibana kwa nguvu, na wewe ndiyo kwanza unashuka Pugu.

Cheni niliwahi kukosea mapema zaidi, enzi za friwili ya gia sita. Niliweka cheni mpya juu ya meno ya zamani, na kila nilipokanyaga kwa nguvu ikaruka. Cheni mpya pini zake zimeachana milimita 12.7 kamili, ila meno yalishaliwa kufuata cheni iliyorefuka. Siku hizi napima kwa rula: kutoka pini ya kwanza hadi ya 25 panatakiwa pawe milimita 304.8, pakikaribia 306.4 natupa cheni kabla haijaila kaseti. Hapa ndipo ninapoisifu gia nane kuliko gia nyingi. Cheni yake, upana wa kama milimita 7.1, ndiyo ileile ya gia sita na saba, na Kariakoo haikosekani. Cheni nyembamba za gia kumi na moja kwangu ni za kuagiza, tena juu ya sproketi za zamani kama zangu inaweza kunasa katikati ya 52 na 42.

Kuhusu Claris yenyewe: mbofyo wake ni mzito kidogo ukilinganisha na 105 ya mwenzangu, lakini unausikia vizuri, na ukiwa na jasho na mavumbi mkononi hilo ni jambo jema. Nyaya zinapita chini ya utepe wa usukani, usukani unabaki safi. Leva ya kushoto nilijaribu kuiunganisha na deraila ya mbele ya zamani, cheni ikawa inasugua upande mmoja au mwingine, nikairudisha ile ya bomba la chini. Sijuti. Kinachonikera ni hatua ndefu za kaseti: kutoka 15 kwenda 18 hakuna cha katikati, na kwenye upepo wa Mapinga gia moja ni nzito, inayofuata miguu inapepea. Nilitaka 32, hiyo ndiyo gharama yake.

Kwa sasa sproketi ya 42 imeanza kuchongoka kama meno ya papa. Matundu ya kranki yako kwenye duara la milimita 130, kwa hiyo sproketi ya meno 39 inaingia, nami nimeshaiagiza. Mzee amenionya nisithubutu kuigusa kranki yenyewe. Deraila yangu inayong'aa ameitundika kwenye msumari juu ya meza yake, na kila nikiiomba anajifanya hasikii.