Miezi 14 na ukurasa wa mapokezi ya picha za setilaiti: uzoefu wangu

Kwa miezi 14 sasa nimekuwa mteja wa hifadhidata ya mionzi ya jua inayotokana na picha za setilaiti za hali ya hewa za Meteosat, na sehemu ninayoifungua kuliko zote si ile ya kupakulia takwimu, bali ukurasa wa kufuatilia mapokezi ya picha. SEVIRI, kifaa cha kupigia picha kilichomo ndani ya setilaiti hizo, hutoa picha moja kila baada ya dakika 15, yaani picha 96 kwa siku, na kila picha ina kisanduku chake katika ukurasa huo: kijani ikiwa imefika, njano ikiwa imechelewa na nyekundu ikiwa imekosekana.

Manufaa yake niliyatambua siku nilipokuwa nikilinganisha takwimu hizo na vipimo vya pairanomita yangu, yaani kifaa cha kupimia mionzi ya jua kikiwa ardhini. Kati ya saa 10:00 na 11:00 za UTC (saa za kimataifa), hifadhidata ilichora mstari laini uliopanda taratibu kama wa siku isiyo na wingu, ilhali pairanomita ilikuwa imeshuka kutoka wati 800 hivi kwa mita ya mraba hadi 240, ikakaa huko kwa dakika kama 20, ndipo ikapanda tena. Nilikishuku kifaa changu kwanza, hata nikakifuta vumbi na kukagua nyaya zake. Baadaye nilipofungua ukurasa wa mapokezi nilikuta visanduku vitatu vyekundu vilivyofuatana: 10:15, 10:30 na 10:45. Wingu lile halikuonekana kabisa. Mfumo ulichukua picha ya 10:00 na ile ya 11:00, zote za anga safi, ukakadiria yaliyotokea katikati.

Kwa kukadiria siwalaumu watoa huduma. Mbinu ya Heliosat, ya kukokotoa mionzi ya jua kutokana na picha za setilaiti, hupata kiasi cha mawingu kwa kulinganisha mwangaza unaoonekana katika picha na mwangaza wa ardhi ile ile ikiwa haina wingu, hivyo pasipo picha hakuna cha kulinganisha. Ninacholalamikia ni kwamba faili nililopakua halikuwa na alama yoyote, namba iliyokadiriwa ikakaa sawa na iliyotokana na picha halisi, na kama si ukurasa ule ningeendelea kuisumbua pairanomita isiyo na hatia.

Ukurasa wenyewe nao una upungufu. Kijani humaanisha tu kwamba faili limefika, wala si kwamba picha iliyomo ni nzima. Muda unaoandikwa ni wa kuanza kwa picha, ingawa SEVIRI huipitia dunia kutoka kusini kwenda kaskazini kwa takriban dakika 12, jambo ambalo mtu anayelinganisha vipimo vya dakika moja moja hawezi kulipuuza. Arifa za barua pepe nazo hunifikia zikiwa zimechelewa kwa saa kadhaa. Visanduku vyekundu vya usiku sivijali, kwa kuwa hakuna mionzi ya kupimwa.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba kumbukumbu za ukurasa huo hufutwa baada ya siku 30, wakati ripoti zangu ni za mwaka mzima. Nimewaandikia watoa huduma mara mbili nikiomba safu moja tu ya ziada katika faili la takwimu, itakayotaja namba zilizokadiriwa, nikajibiwa kwa adabu kwamba ombi limepokelewa. Usajili nimeulipia tena hata hivyo, na kila mwisho wa mwezi ninanakili jedwali lote la visanduku kwa mkono kabla halijafutwa.