Wakimbiaji wawili, mpira mmoja: uzoefu wangu na takwimu za kulipia kwenye fantasi ya NFL

Kwa misimu miwili nimelipia huduma ya takwimu za NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, inayolenga wachezaji wa fantasi, yaani mchezo wa kuchagua wachezaji halisi na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani. Nililipia kwa ajili ya jambo moja tu: timu zinazogawa kazi ya mkimbiaji, mchezaji anayepewa mpira mkononi akimbie nao, kati ya watu wawili. Jina la huduma naliacha, maana huduma nyingi za aina hii zimejengwa hivyo hivyo. Ninachopima ni kama inasaidia kuamua, siku ya Jumapili, nani aanze na nani akae benchi.

Aliyezoea FPL, fantasi ya Ligi Kuu ya soka ya England, anaogopa kocha kumpumzisha mchezaji wake. Kwenye NFL tatizo lina sura nyingine. Mchezaji wako ni mzima, amevaa jezi, amebeba mpira kutoka katikati ya uwanja hadi yadi ya 3, yaani yadi 3 kabla ya mstari wa kufungia, halafu anatolewa na mwenzake anaingia kumalizia. Yadi zote hizo 47 zimekupa pointi 4.7, na yadi 3 za mwenzake zimempa pointi 6.3. Hesabu ni hii: yadi 10 ni pointi 1, tachidauni, yaani kufikisha mpira ng'ambo ya mstari huo, ni pointi 6, na kwenye ligi za PPR kila pasi iliyopokelewa ni pointi 1 zaidi.

Mfano ninaourudia kila nikimweleza mtu ni Detroit Lions ya msimu wa 2023. Jahmyr Gibbs alibeba mpira mara 182 kwa yadi 945, akapokea pasi 52 kwa yadi 316, jumla tachidauni 11. David Montgomery alibeba mara 219 kwa yadi 1,015, akapokea pasi 16 tu kwa yadi 117, tachidauni 13. Ukiondoa adhabu za kupoteza mpira, kwenye ligi isiyolipa pasi Gibbs ana pointi 192.1 na Montgomery 191.2. Wako sawa kabisa! Ingia kwenye PPR: Gibbs 244.1, Montgomery 207.2. Wachezaji ni wale wale na mechi ni zile zile. Kilichobadilika ni kanuni ya ligi yako. Kwa hiyo kabla hujafungua takwimu yoyote, fungua ukurasa wa kanuni za ligi yako usome pasi inalipwa ngapi: sifuri, nusu au moja. Huduma niliyotumia inakuja na PPR kamili, na usipobadilisha mwenyewe kwenye mipangilio, orodha yake yote ya msimu inakuwa imepotoka bila wewe kujua.

Sasa safu zenyewe za takwimu. Zipo zaidi ya 30 na nyingi ni mapambo. Mimi natazama nne. Ya kwanza ni asilimia ya snapu, yaani kati ya mara zote timu ilipoanzisha mpira ikishambulia, huyu alikuwa uwanjani mara ngapi. Ya pili ni mara alizobeba mpira ndani ya yadi 5 za mwisho. Ya tatu ni njia za pasi alizokimbia, yaani mara alizokimbia ili arushiwe mpira, hata kama hakurushiwa. Ya nne ni snapu za dauni ya tatu (jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira yadi 10) na za dakika mbili za mwisho za kila nusu.

Hiyo ya yadi 5 ndiyo roho ya jambo. Huduma nyingi zinakuwekea yadi 20 za mwisho kwenye fungu moja, na hapo ndipo watu wanapopotea. Kubeba mpira kwenye yadi ya 18 na kubeba kwenye yadi ya 2 ni kazi mbili tofauti, na mara nyingi zinafanywa na watu wawili tofauti. Ukiona huduma haina kichujio cha yadi 5, usilipe.

Safu ya njia za pasi ina thamani kwa sababu inaonyesha kazi kabla pointi hazijaonekana. Mkimbiaji aliyekimbia njia 22 na kurushiwa mpira mara 1 amekosa mpira wiki hiyo, lakini nafasi anayo. Aliyekimbia njia 6 na kupokea pasi 4 amebahatika. Dauni ya tatu nayo inaeleza kwa nini kijana mpya mwenye kasi anakaa nje wakati watu wanamlilia: hapo mkimbiaji anatakiwa kumkinga kotabeki, mrushaji pasi wa timu, dhidi ya mabeki wanaomvamia, na asiyejua kukinga hapewi dakika hizo.

Kasoro kubwa ya huduma ni makadirio ya wiki, ile namba moja kubwa iliyoandikwa mbele ya jina. Chukua mkimbiaji wa nguvu anayebeba mara 13 kwa yadi 52. Asipofunga ana 5.2, akifunga moja ana 11.2, akifunga mbili ana 17.2. Makadirio yatakuandikia kitu kama 8.5, namba ambayo haipo kwenye orodha hiyo. Mwenzake anabeba mara 8 kwa yadi 35 na kupokea pasi 5 kwa yadi 40: kwenye PPR ana 12.5 hata bila kufunga. Wa kwanza ni wa kuanzisha pale mpinzani wako ana timu nzito na unahitaji bahati. Wa pili ni wa kuanzisha pale unapoongoza na hutaki shimo. Namba moja haiwezi kukuambia hayo.

Kasoro ya pili ni mgao wa kubeba, yaani asilimia ya mara za timu kubeba mpira zilizomwangukia mchezaji mmoja. Nilipoona asilimia za mkimbiaji mmoja ni ndogo kuliko nilivyotegemea, nilihesabu mwenyewe nikagundua kwamba huduma inagawa kwa mara zote za timu, pamoja na za kotabeki. Zaidi ya hapo, kotabeki anapopiga goti kumaliza muda, takwimu rasmi zinahesabu hilo kama kubeba mpira. Timu inayoshinda sana hupiga magoti mengi, hivyo wakimbiaji wake wanaonekana wana mgao mdogo kuliko ukweli. Dawa yake ni kujumlisha za wakimbiaji peke yao na kugawa upya. Ni dakika mbili za kikokotoo.

Lakini usimsahau kotabeki kama mtu wa tatu kwenye mgao. Philadelphia Eagles ya 2023 ilikuwa na D'Andre Swift, yadi 1,049 za kukimbia, tachidauni 5 tu za kukimbia. Jalen Hurts, kotabeki, alikimbia akafunga 15. Safu ya wakimbiaji peke yake isingekuonyesha hilo.

Kitu ninachokilipia kwa moyo mweupe ni kichujio cha matokeo. Kinaniwezesha kuona snapu za wakati tofauti ya pointi haizidi 8 tu. Timu ikiongoza kwa 24 kwenye robo ya nne, mpira anapewa mtu wa tatu ili nyota wasiumie. Ikiwa nyuma kwa 17, mkimbiaji wa kupokea pasi anakaa uwanjani muda wote. Mechi mbili za aina hiyo zinatosha kuharibu wastani wa mwezi mzima. Nikichuja, mara nyingi mgao unaoonekana kubadilika wiki hadi wiki unabaki palepale.

Kuhusu saa, kwa tulioko Afrika Mashariki. Mechi za kwanza za Jumapili zinaanza saa 2 usiku, na kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba, Marekani inaporudisha saa nyuma, ni saa 3 usiku. Orodha ya wasiocheza hutoka dakika 90 kabla, yaani saa 12 na nusu jioni, kisha saa 1 na nusu usiku. Taarifa za simu za huduma hii zimechelewa mara kadhaa, kwa hiyo fungua mwenyewe muda huo. Kwa walioko Dallas au Minneapolis ni saa 4 na nusu asubuhi. Kama mkimbiaji wako wa mgao, yaani anayegawana kazi na mwenzake, ana shaka ya jeraha na mechi yake ni ya usiku wa Marekani, mweke kwenye fleksi, nafasi inayokubali mkimbiaji au mpokeaji, na wa mapema kwenye nafasi za wakimbiaji. Akitolewa, unaweza kumbadilisha na mkimbiaji au mpokeaji yeyote ambaye mechi yake haijaanza.

Na benchi je? Kwenye mgao, mbadala wa kweli ni yule ambaye tayari anacheza. Desemba 2024 Montgomery aliumia goti dhidi ya Buffalo Bills, na Gibbs akabeba kazi yote. Wiki ya 18 alifunga tachidauni 4 dhidi ya Minnesota Vikings. Aliyekuwa anaanzisha mmoja na kumweka mwingine benchi hakupoteza kitu. Ila fanya hivyo kwa timu yenye mashambulizi makali tu. New Orleans Saints ya 2017 ililisha wawili, Mark Ingram na Alvin Kamara, kila mmoja zaidi ya yadi 1,500 za kukimbia na kupokea kwa pamoja. Timu inayofunga pointi 14 kwa mechi hailishi wawili, na mara nyingi hailishi hata mmoja.

Ulipe au usilipe? Asilimia ya snapu na kubeba ndani ya yadi 20, 10 na 5 vinapatikana bure Pro Football Reference. Unacholipia ni njia za pasi na kichujio cha matokeo. Ligi ya timu 8 haihitaji; wachezaji wazuri wamejaa. Kwenye ligi ya timu 12 au 14, ambako utalazimika kuanzisha angalau mmoja wa mgao kila wiki, lipia miezi ya Septemba na Oktoba. Kufikia wiki ya 9 timu nyingi zimeshaonyesha nani anaingia yadi ya 2, na hapo za bure zinatosha.