TAHADHARI: Ukiitwa kwa "Hakuna matata" kwenye ngazi za Sacré-Cœur, Paris, usitoe mkono

Ndugu zangu mnaokwenda Paris kwa mara ya kwanza, na hasa mnaokwenda na wazazi, someni hii kabla hamjafunga mabegi. Oktoba 2025 nilikuwa huko na shangazi yangu, mtu wa Tanga, miaka 64, safari yake ya kwanza kupanda ndege. Tulitapeliwa euro 40 mchana kweupe, mbele za watu, kwa kipande cha uzi. Pesa zimeshakwenda. Kinachoniuma ni namna alivyoingizwa mjini: kwa Kiswahili, na kwa adabu yake mwenyewe.

Kanisa la Sacré-Cœur liko juu ya kilima cha Montmartre, kaskazini mwa jiji. Wageni wengi hushukia kituo cha metro cha Anvers, wanapanda mtaa mfupi wa Steinkerque wenye maduka ya fulana na vimnara vya Eiffel vya kuning'iniza funguo, kisha wanatokea chini ya bustani yenye ngazi. Hapo ukiinua macho unaliona kanisa zima, jeupe pee, na kila mgeni husimama kutazama. Macho yakiwa juu, jamaa wanakuja kutoka chini.

Walikuwa vijana wanne au watano, wametanda pale njia inapobana, kila mmoja ana nyuzi za rangi zimening'inia mkononi. Mmoja akaita: "Mama Afrika! Jambo! Hakuna matata!" Shangazi akageuka uso umemchanua. Ilikuwa siku yetu ya tatu, na hajasikia Kiswahili ila kinywani mwangu. Akajibu, "Jambo mwanangu, hujambo?" Kijana hakujua kuitikia. Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza na mimi niliiona nikaipuuza. Mtu wa kwetu ukimuuliza hujambo atakwambia sijambo, hata akiwa na haraka ya kukimbilia basi. Huyu alirudia tu hakuna matata, akanyoosha mkono. Shangazi akampa wake, maana kwetu mtu akikupa mkono huuachi hewani.

Hakuuachia tena. Akamvisha kitanzi kwenye kidole cha shahada, akakivuta kikakaza, akaanza kusuka nyuzi tatu, nyekundu, njano na kijani, mbio mbio kama msusi wa saluni siku ya Idi, ncha nyingine ameishika mwenyewe. Mtu mzima akawa amefungwa kidole kama mbuzi wa mnadani, hawezi kuondoka bila kujiumiza. Huku anasuka anaongea: zawadi, bure, bahati njema kwa familia. Dakika mbili hazikuisha, uzi umefika kwenye kifundo cha mkono, umepigwa mafundo mawili, ncha zimekatwa. Ndipo sauti ilipobadilika. Euro ishirini. Nikasema hatulipi, wenzake wawili wakasogea, mmoja nyuma yangu kabisa. Shangazi akaogopa, akafungua pochi, akatoa noti ya 50 akiomba chenji. Akarudishiwa noti moja ya 10. Aliponiambia "twende zetu mwanangu" mkono ulikuwa unatetemeka. Lile fundo halikufunguka, nililikata usiku kwa mkasi wa kuazima mapokezi ya hoteli.

Tulipofika juu nilisimama kwenye ukuta nikawatazama kama nusu saa. Maneno yale yale waliwaambia wazee wa Kizungu wenye fimbo za kutembelea, wakawaambia familia ya Wachina, wakawaambia wasichana wawili waliokuwa wanaongea Kihispania. Kiswahili chao ni chambo tu, wamekiokota kwa sababu kila mtalii duniani anayajua maneno hayo mawili. Wanajua pia kuwa Mwafrika ugenini akiitwa "mama", "kaka", "dada" atasimama. Sisi tumelelewa kuwa salamu haipitwi, na kupita bila kuitikia ni ujeuri. Basi nakuombeni, pale kwenye zile ngazi ujeuri huo ufanyeni. Mtu mwema aliyekusalimia kwa dhati hataumia kwa sekunde tatu za kutojibiwa.

Mikono itie mfukoni au ifiche chini ya mtandio tangu chini ya bustani hadi juu. Usisimame, usitabasamu, usieleze kuwa una haraka, kwa sababu maelezo ni mazungumzo na wao wanaishi kwa mazungumzo. Sema "Non" moja, endelea kutembea. Kitanzi kikishaingia kidoleni, vuta mkono kabla fundo halijafungwa na paza sauti, hata kwa Kiswahili. Kuuza vitu pale bila kibali ni kosa, kwa hiyo hawapendi watu wageuke kutazama. Pochi usiifungue kabisa mbele yao. Kosa letu kubwa lilikuwa hilo: walipoona noti ndani, bei ikawa haina mjadala.

Au wakwepe moja kwa moja. Kulia na kushoto kwa bustani kuna njia nyingine. Upande wa kushoto ukitazama kanisa, kuna kigari cha reli kinachopandisha watu, kinatumia tiketi ile ile ya metro, na pembeni yake kuna ngazi 222 za mtaa wa Foyatier. Mwenye magoti mabovu kama shangazi apande kigari. Mwenye nguvu ashukie Abbesses, njia ya metro namba 12, apande taratibu kwa mitaa ya ndani. Ni mizuri kuliko ile bustani, ina kuta zenye mimea inayotambaa na maduka ya mikate yanayonukia tangu asubuhi. Kuingia kanisani ni bure, asikuuzie mtu tiketi. Karibu na kanisa, uwanja wa Place du Tertre, wachoraji halali wamekaa na vibao vyao vya kuchorea. Anayekufuata akiwa ameshika ubao mkononi na ameshaanza kukuchora kabla hamjapatana bei, mwache aendelee peke yake.

Sasa mengine, kwa kuwa mji huu unatembeleka kwa miguu na utakutana nayo njiani.

Karibu na mnara wa Eiffel, darajani na kwenye njia za Trocadéro, uwanja ulio ng'ambo ya mto, utaona duara la watu wamechuchumalia kibao chenye vikombe vitatu au visahani vitatu vyeusi. Huyo ni ndugu wa karata tatu tunayoijua Kariakoo na stendi za mabasi. Yule mama anayeshinda euro 100 na kurukaruka kwa furaha ni wao. Yule mzee anayekunong'oneza "ni hiki cha kati" ni wao. Yule aliyesimama mbali anaangalia kona zote mbili ni wao, anachungulia polisi. Nimeona Mwafrika mwenzetu, kijana amevaa suti nzuri, ameweka noti ya 50, ikapotea kabla hajavuta pumzi, akaweka ya pili kuikomboa ya kwanza. Usisimame hata kutazama, maana wachomoaji wa mifuko wanafanya kazi kwenye mgongo wa hilo duara.

Wasichana wenye karatasi na kalamu, wanaojifanya viziwi na kukuomba usaini kwa ajili ya walemavu, wako makumbusho ya Louvre, wako kanisa la Notre-Dame. Ukisaini unadaiwa mchango, na ile karatasi inakufunika mkoba wakati mwenzake anaingiza mkono. Na ukitembea kando ya mto Seine, mtu akainama mbele yako akaokota pete ya dhahabu na kukuuliza kama ni yako, pita. Ni shaba. Nyumbani tunaujua mchezo huo kwa bunda la noti lililookotwa.

La tiketi nalieleza zaidi kwa sababu linawapata hata watu waangalifu. Unafika kituo kikubwa cha treni, umechoka, mashine ina foleni na maandishi ya Kifaransa. Anakuja mtu nadhifu ana kitambulisho kimening'inia shingoni, anakwambia mashine haipokei kadi yako, lakini atakununulia kwa yake, wewe umpe taslimu. Anabonyeza haraka haraka, anakupa tiketi, unampa euro 30 ukiamini umepata ya wiki nzima. Uliyopewa ni ya safari moja, tena ya mtoto wa chini ya miaka 10 inayouzwa nusu bei. Utakapokutana na wakaguzi kwenye korido za metro, faini ni yako, na kwa msafiri ambaye hata lugha hajui ile ni aibu kubwa. Kwa hiyo zijueni bei kabla ya kutoka nyumbani: mwaka 2025 safari moja ya metro au treni ilikuwa euro 2.50, na ya kwenda au kutoka uwanja wa ndege euro 13. Bei huwa zinapanda Januari, angalieni tena. Mashine zina kitufe cha lugha, bonyeza Kiingereza, soma polepole, waache walio nyuma yako wagune. Kuna pia kadi ya plastiki iitwayo Navigo Easy, inauzwa euro 2 dirishani na unaijaza safari unazotaka. Ukiwa na shaka nenda dirishani kwa mtu aliyekaa nyuma ya kioo. Mfanyakazi wa kweli hatembei akiokota wateja na hapokei noti mkononi.

Teksi vivyo hivyo. Kutoka uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle bei imepangwa na serikali: mwaka 2025 ilikuwa euro 56 kwenda upande wa kaskazini wa mto na euro 65 upande wa kusini, kwa gari zima, si kwa kichwa. Anayekufuata ndani ya jengo akinong'ona "teksi, teksi" ni mpigadebe wa magari yasiyo na kibali. Foleni halali iko nje, ina kibao.

Hotelini na mgahawani kuna hili dogo: kwa sheria ya Ufaransa bei ya kwenye menyu tayari ina malipo ya huduma. Sehemu moja tuliyokula, mhudumu alituambia huduma haijaingia na akatuletea mashine ya kadi ikiwa imeshaongezwa asilimia. Tazama kiasi kabla ya kuingiza namba ya siri. Na maji ya bomba kwenye jagi hulipii ukila, omba tu.

Notre-Dame, lililofunguliwa tena Desemba 2024 baada ya ule moto wa 2019, kuingia ni bure. Nafasi ya kuingia bila foleni ndefu unaichukua bure kwenye tovuti ya kanisa lenyewe. Tovuti inayokutoza kwa jambo hilo funga. Louvre ndiyo inalipiwa, na kuanzia Januari 2026 sisi tusiotoka Ulaya tunalipa euro 32, kwa hiyo jiandaeni, lakini nunueni kwa makumbusho wenyewe.

Siku ya mwisho tulitembea kutoka Notre-Dame, tukapita uwanja wa Louvre, bustani ya Tuileries, hadi lango la Arc de Triomphe, kama kilomita 5, tukipumzika kila benchi. Kwenye bustani msichana wa makaratasi akatujia anakimbia. Shangazi akaingiza mikono yote miwili ndani ya mtandio, akatazama mbele, akapita. Hakusema neno. Jioni akaniambia alijisikia vibaya kumpita mtoto wa watu bila salamu.

Ukiibiwa au ukitishwa, piga 17 au 112. Kituo chochote cha polisi kinapokea taarifa ya wizi, na karatasi wanayokupa ndiyo bima ya safari na ubalozi watakayoiomba. Tanzania na Kenya zote zina ubalozi Paris, katika wilaya ya 16 ya jiji. Andika anwani na namba ya simu ya wa kwenu kwenye karatasi, uweke kwenye begi, mbali na simu, pamoja na nakala ya pasipoti, na mzazi unayesafiri naye awe na ya kwake.