Choo cha vitufe au cha kopo: kipi kinalinda septiki?

Katika septiki, yaani tangi la majitaka lililofukiwa ardhini, maji mengi yakiingia kwa mkupuo, uchafu haupati muda wa kutuama. Husukumwa hadi kwenye shimo la kunyonya, na udongo ukishaziba, kuurudisha hali yake ni kazi kubwa kweli.

Sisteni ya zamani, yaani tangi la maji ya kuvuta chooni, huteremsha lita 9 au zaidi kila ikivutwa. Watu 4, kila mmoja akienda mara 5 kwa siku, ni lita 180. Ile ya vitufe viwili, lita 3 na 6, huzipunguza hadi 72, mradi kitufe kikubwa kibonyezwe mara moja tu kwa siku kwa kila mtu. Adui yake ni boya bovu au mpira uliochakaa: maji huvuja usiku kucha kimyakimya. Tia rangi ya chakula kwenye tangi, usivute kwa nusu saa. Ikionekana bakulini, linavuja.

Choo cha kuchuchumaa cha kumwagia kopo hutosheka na lita 2 au 3, wala hakina cha kuvuja. Ningechagua hicho, hasa kwa nyumba za bondeni Dar es Salaam, ambako masika ardhi hulowa mpaka shimo likakataa kunyonya. Wazee wenye maumivu ya magoti wawekewe cha vitufe.