TAHADHARI: Rolikeji (fremu za mabomba za kumlinda dereva gari likibingirika) za bei poa zinazotengenezwa kwa mabomba ya maji

Wapenzi wa rali na autokrosi, hasa mnaojenga Subaru na Mitsubishi Evo hapa Nairobi, someni hii kabla ya kutuma arubuni. Kuna fundi anajitangaza mtandaoni kwamba anatengeneza rolikeji "za FIA" (shirikisho la kimataifa la mbio za magari) na kufunga mikanda ya usalama ya pointi sita kwa karibu nusu ya bei ya wenzake. Jina simtaji, ila kazi yake mtaijua mkiiona.

Gari langu lilikataliwa kwenye ukaguzi kabla ya mashindano, na wakaguzi siwalaumu hata kidogo. Tao kuu, lile linalopita nyuma ya viti, lilipopimwa kipenyo kwa venia, kile kipimo cha mafundi, lilitoa milimita 48. Kanuni za FIA, Kiambatisho J, kifungu cha 253, zinataka bomba la milimita 45 kwa 2.5 au 50 kwa 2.0 (kipenyo kwa unene), la chuma cha kaboni kisicho na mshono. Hiyo 48 ni saizi ya bomba la maji la inchi moja na nusu, lile linalouzwa duka lolote la hadweya. Tulipolikata, ukiingiza kidole ndani unagusa mshono, kituta chembamba kinachokwenda na urefu wote wa bomba. Kwenye kona limebonyea kama mkebe uliokanyagwa. Sasa gari libingirike na wewe na navigeta wako mmo ndani!

Uchomeleaji ndio ulionikasirisha zaidi. Upande unaoonekana ni safi, wa kupigia picha. Upande unaotazama paa hakuugusa kabisa. Alipachika puti, ule udongo wa kuziba mabonde ya bodi, akapaka rangi nyeusi. Fundi anayejua kazi hutoboa sakafu, akaiteremsha keji kidogo ili apate nafasi ya kuzungusha moto bomba zima, kisha huipandisha na kuziba matundu. Kazi hiyo ina jasho, ndiyo maana bei yake haiwezi kuwa ya kutupa. Miguu ya keji nayo ameifunga kwa bolti mbili mbili juu ya bati tupu la sakafu. Kila mguu wa tao kuu na wa tao la mbele unatakiwa uwe na bamba la kuimarisha lenye unene wa milimita 3 na eneo la sentimita mraba 120, na bolti zisizopungua tatu za M8 (kipenyo milimita 8), gredi ya nguvu 8.8.

Mikanda je? Lebo imeandikwa 8853-2016, namba ya kiwango cha FIA cha mikanda, lakini hologramu haibadiliki rangi ukiigeuza kwenye mwanga, na uzi ulioishonea si wa rangi moja na ule wa mkanda. Hiyo ni lebo iliyohamishwa. Mikanda ya mabegani ameishusha wima hadi sakafuni nyuma ya kiti. Ikivutwa kwa nguvu wakati wa kugonga, inakandamiza uti wa mgongo. Kanuni inasema isizidi nyuzi 45 kutoka mlalo, na bora ibaki ndani ya 10.

Nilipompigia, alisema wateja wengine wote wamepita, kisha akataka niongeze pesa anipe "cheti". Jamani, cheti cha homologesheni, yaani idhini rasmi, hutoka FIA au shirikisho la mbio za magari la nchi. Hakichapwi gereji.

Ukitaka kujengewa keji na yeyote yule, nenda uione kabla haijapakwa rangi. Shika vipande vilivyobaki, pima kipenyo, kisha omba risiti ya muuzaji wa chuma. Mita moja ya bomba la 45 kwa 2.5 ina uzito wa kilo 2.6 hivi, kwa hiyo hata mizani ya sokoni inatosha kumuumbua mtu. Kama keji yake tayari imo ndani ya gari lako, usishindane nayo. Mwombe mkaguzi atoboe tundu dogo apime unene.

Ukurasa wake ameshaubadilisha jina, ila picha ni zile zile: Impreza nyeupe, keji ya bluu, na rangi iliyomwagikia mkanda wa dereva.