Kozi ya huduma ya kwanza mlimani, Moshi: somo nyota tano, mkataba nyota moja

Nimesoma kozi hii siku tano, mitaa ya Soweto hapa Moshi. Kampuni niliyokuwa naiongozea wageni Kilimanjaro ndiyo ililipa, 720,000.

Mwalimu ni mama mmoja nesi, hana mzaha kabisa. Siku ya tatu alitutoa juani, akachora mstari wa chaki: mgonjwa atembee juu yake, kisigino kiguse vidole. Akiyumba, usibishane naye habari za kufika kilele cha Uhuru. Ubongo umeanza kuvimba kwa sababu ya mwinuko, mshushe, hata kama ni saa nane usiku. Na mimi miaka sita nilikuwa namnywesha tangawizi mgeni anayeyumba! Baadaye pale kambi ya Barafu, mita 4,673, mgeni wangu akaanza kukohoa povu hata akiwa amekaa. Sikusubiri kukuche. Wagumu wanne, yaani wapagazi, na machela, tukamshusha kambi ya Millennium usiku uleule. Asubuhi anaulizia uji.

Sasa karatasi. Nilisaini asubuhi ya kozi, nimesimama, begi mgongoni, bosi ananiambia "sisi ni familia, kijana wangu." Miaka miwili usiondoke, ukiondoka unarudisha zote. Mwezi wa pili au wa ishirini na tatu, hela ni ileile. Cheti halisi kikafungiwa kabatini ofisini, mimi nikapewa kopi. Na cheti chenyewe kinaisha muda baada ya miaka miwili, yaani siku ninayokuwa huru ndiyo siku kinapokufa.

Masika, Aprili na Mei, hakuna safari wala posho, ila miezi hiyo nayo nilitakiwa kuwa mwaminifu. Nilipotimiza mwezi wa kumi na tisa nikaondoka. Wakakata 720,000 yote kwenye malipo ya safari mbili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kiholela, lakini ukikubali deni kwa maandishi umempa njia, na mimi nilishakubali nikiwa na begi mgongoni.

Rafiki yangu wa Arusha, mkataba wake deni linashuka kila mwezi. Kwa hesabu hiyo ningekatwa 30,000 mara tano, basi. Ulizeni hilo kabla ya kushika kalamu, na mkatae cheti kulala kwenye kabati la mtu.

Februari narudi kwa yule mama kuhuisha cheti, safari hii kwa hela yangu.